Stoo imepumua, asante maktaba ya mkoa

Watu wa Mtwara, maktaba ya mkoa si ya wanafunzi wa mitihani peke yao. Mimi nimeenda pale kwa ajili ya stoo yangu! Dada wa kaunta akanipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya 640, maana kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ndipo vinapokaa vitabu vya mapishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba. Nikasoma palepale, nikanakili ninayoyataka.

Kubwa nililoshika: toa kila kitu nje kwanza, ndipo uamue. Basi uani kukajaa magunia ya korosho ya msimu uliopita, madumu yasiyo na vifuniko, sufuria zilizotoboka, na boksi la vitabu vya watoto lililoliwa na mchwa, chini limebaki vumbi tupu. Hilo liliniuma sana. Vilivyopona tumevifuta, vya madarasa waliyopita nitavipeleka maktaba, dada kasema atavikagua kwanza.

Magunia mazima kachukua shemeji. Vilivyobaki vimepanda juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa sababu huku pwani unyevu na mchwa havina huruma.

Mwenye mbao za rafu, Chikongola au Magomeni, aniambie bei.