Kabla hujamwandikisha, nenda kaone mapumziko yao

Wazazi wenzangu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, mtoto wangu ana usonji (autism), nimpeleke shule maalum au shule ya kawaida? Na kiukweli nashindwa kulijibu likiwa hivyo hivyo, maana mi mwenyewe nimehamisha mtoto mara mbili na zile shule mbili za mwanzo nilichagua aina ya shule kwanza, yeye nikaja kumwangalia baadae.

Mara ya kwanza tulianza na ya kawaida. Alikuwa na miaka 6, herufi kazijua toka na miaka 3, ripoti ya vipimo vyake imeandikwa usonji levo 1, nikajiambia basi huu ni usonji mdogo, atamudu. Laiti kuna mtu angenikalisha chini akanieleza zile levo. Zimekuja na DSM-5 ya mwaka 2013, ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa kutambua hali kama hizi, ziko 3, na zinaeleza mtoto anahitaji msaada kiasi gani kwenye mawasiliano na kwenye zile tabia za kujirudia, basi. Hazikwambii ana akili kiasi gani wala asome wapi. Na msaada wenyewe unapanda na kushuka kutokana na mahali alipo, mtoto yule yule kwenye chumba kimya anasoma vizuri tu, mweke kwenye chumba cha watoto hamsini, viti vinaburuzwa, kengele inalia juu ya kichwa chake, utadhani umebadilishiwa mtoto.

Shuleni walimsifia sana. Wananiambia, mama, mtoto huyu hana shida kabisa, katulia, hasumbui. Akifika nyumbani hata viatu hajavua anajitupa chini, anapiga kichwa ukutani, analia saa nzima, usiku halali, asubuhi akiliona begi tu anaanza upya. Nikaambiwa basi tatizo litakuwa malezi ya nyumbani, na mi nikaamini jamani, nikawa mkali kwake miezi mingi na hilo linaniuma mpaka leo. Kumbe mtoto alikuwa anajikaza toka asubuhi mpaka mchana, anawaiga wenzake, anameza kila kitu, afu anakuja kuyatoa pale anapojiona yuko salama. Watoto wengi wenye usonji wako hivi, wasichana hasa, na ndo sababu mojawapo wengi wao wanachelewa kugundulika. Kwa hiyo mwalimu akikwambia katulia, wewe mwangalie saa mbili za kwanza akirudi nyumbani.

Nikamtoa, nikampeleka shule maalum. Watoto wachache, kimya, walimu wana moyo wa kweli, na ndani ya wiki mbili akaanza kulala usiku. Nilishukuru sana. Ila miezi ikaenda nikaona kila siku anarudi na karatasi ile ile ya kupaka rangi, mtoto anayesoma kitabu peke yake anapewa shanga za kuchomeka kwenye uzi, nikiuliza naambiwa kwanza tunataka awe na furaha. Hamna aliyewahi kumpima kujua anajua nini. Sisemi shule maalum ni mbaya, naomba nieleweke hapo, kwa mtoto ambaye haongei, shule maalum yenye mwalimu aliyesomea kumfundisha kuwasiliana kwa picha au kwa tableti inaweza kuwa ndo mahali pa kwanza mtu anamwelewa anataka nini. Wangu hakuhitaji hicho. Alihitaji masomo ya darasa lake na masikio yake yapumzike.

Mara ya tatu sikuuliza tena hii ni shule ya aina gani. Niliomba kuja wakati wa mapumziko, nikae pembeni niangalie. Kwenye somo mtoto wa usonji anajua akae wapi na afanye nini, mapumziko hayana ratiba, kila mtu anakimbia anakotaka, na hapo ndo utaona kama kuna mtu mzima anayewaona wale wanaozunguka ukuta peke yao. Shule moja walinikatalia nisiingie muda huo, nikaondoka.

Na swali langu lilikuwa moja tu, mara ya mwisho mtoto kulipuka hapa, yaani kuzidiwa mpaka analia na kujitupa chini, mlifanya nini? Mmoja akanijibu watoto wetu hawafanyi hivyo. Mwingine akasema tunamtoa nje mpaka anyamaze, atazoea. Wa tatu, mwalimu wa darasa sio mkuu, alifikiria kidogo afu akanieleza kwamba waligundua mtoto wao mmoja analipuka siku zile tu wanazokaa mstarini muda mrefu, wakamruhusu aingie darasani mapema, wakamtengea kona, wakampa kadi, akiinua kadi anaenda kwenye kona na hamna anayemuuliza kwa nini. Yaani walitafuta sababu. Hapo hapo nikajua mtoto wangu anakuja hapa, shule ya kawaida tena, ile ile aina niliyoikimbia.

Ukiambiwa tunampokea lakini ajitahidi awe kama wengine, ujue bado hujapokelewa. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lile la mkutano wa kimataifa wa elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, lilisema shule ndo ijipange kumfuata mtoto, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 24, unataka marekebisho yafanyike kulingana na mahitaji yake. Kona na kadi ndo marekebisho yenyewe, kwa hiyo usiombe kama unaomba hisani.

Kuhusu msaidizi wa darasani kuweni makini. Nimeona msaidizi anamshikia mtoto kalamu, anamjibia maswali, wenzake wakitaka kumwambia kitu wanamwambia msaidizi, na mwalimu mwenyewe hamjui huyo mtoto. Uliza toka siku ya kwanza, msaidizi ataanza lini kurudi nyuma hatua moja ili mtoto afanye mwenyewe, na nani anapanga hilo.

Sisi tulimwanzisha taratibu, picha za geti, za darasa, za mwalimu, tukazibandika kwenye ratiba yake ya picha wiki kadhaa kabla, afu akaanza nusu siku. Sasa hivi bado kuna siku anarudi kachoka mpaka hawezi kuongea, siku hizo namwacha chumbani giza giza na hedifoni zake, kazi ya nyumbani tunaisahau. Begi analivaa mwenyewe. Mwakani anapanda darasa na mwalimu anabadilika, kwa hiyo mwezi ujao nimeshaomba ruhusa, naenda kukaa tena pale pembeni wakati wa mapumziko.