Nilipoandika bei kwenye picha

Kwetu Langoni hapa Lamu ukipita barazani baada ya alasiri hukosi mtu ana kofia mkononi anashona, awe mwanamke awe mwanamume, na mamangu ameshona kofia za vito tangu mimi sijazaliwa. Kwa asiyezijua, hii ni kofia ya mkono yenye vitundu vidogo vidogo, unatoboa kitambaa kwa sindano halafu unazungusha uzi pembeni mwa kila tundu hadi lisimame lenyewe, na kofia moja ina mamia ya hivyo vitundu, kwa hiyo miezi miwili mitatu yaisha uko na kofia moja tu. Ikiwa na maua mengi hata minne.

Zamani soko letu lilikuwa mtu mmoja. Mzee fulani alikuwa akija kutoka Mombasa, anapita nyumba kwa nyumba, akifika kwetu anaigeuza kofia ndani nje anatikisa kichwa, "soko limekufa mama," anatoa 2,500 anaondoka. Miaka yote soko limekufa na yeye kila msimu yuaja! Mamangu hakuwahi kujua ile kofia ikifika Mombasa yauzwa ngapi, na sisi watoto hatukuwahi kuuliza.

Halafu ikaja 2020. Mwezi wa nne serikali ikafunga kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, na Ramadhani ilikuwa mwezi huohuo, yaani ule wakati ambao kofia huuzwa kuliko mwaka mzima, mzee hakuja na kofia saba zikabaki sandukuni. Ndipo nikachukua simu nikaziweka stetasi ya WhatsApp, sikuwa na mpango wowote wa maana, nilikuwa na kofia na data ya siku moja.

Picha za kwanza zilikuwa mbaya sana. Nilipiga usiku chini ya taa, nyeupe ikawa njano kama imelowa chai. Baadaye nikajua nipige saa mbili asubuhi uani, kofia iwe imefuliwa na kutiwa wanga, nimeivika bakuli lililopinduliwa ili isimame, na niende karibu hadi uzi mmoja mmoja uonekane. Lakini kilichovuta watu zaidi ni video ya mikono ya mamangu ikishona. Alikubali kwa sharti moja, "mikono sawa, uso wangu usiutie huko." Khalati yangu alipoona alicheka sana akasema mikono ya dadake imefika Dubai na mwenyewe hajafika Malindi mwaka wa tatu huu.

Mteja wa kwanza alikuwa wa Mombasa, alituma pesa kwa M-Pesa akangoja hadi Julai njia zilipofunguliwa. Wengine wakafuata, Nairobi, halafu Maskati, halafu jamaa wa Komoro anayeishi Ufaransa. Hapo nikajifunza mambo madogo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Watu wengi hawajui inchi za kichwa chao, kwa hiyo nawaambia wachukue uzi wauzungushe juu ya masikio, waupime kwa rula wanitumie picha, maana ukishona 22 na mtu ni 22 na nusu hiyo kofia haiingii na miezi mitatu imekwenda na maji. Ya pili, bahasha ni adui. Kofia yapanda boti hadi Mokowe, upande wa bara, halafu basi, ikifika imekuwa chapati, sasa naitia ndani ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga na hakuna aliyelalamika tena. Ya tatu, meseji ya M-Pesa ya kughushi. Mtu alinitumia meseji ya uongo inayofanana kabisa na ya kweli na mimi kwa haraka nikaitoa kofia, na tangu siku hiyo sitazami meseji, natazama salio kwanza.

Sasa nije kwenye bei, ndiyo hasa iliyonifanya niandike haya.

Mwanzoni nilikuwa kama wote, chini ya kila picha "bei njoo inboksi". Mnajua kwa nini watu hufanya hivyo na msijifanye hamjui. Mtu akija inboksi natazama picha yake ya profaili, nikiona gari nyuma yake, ni 8,000. Nikiona mwanafunzi, 5,000. Nilijiona mjanja. Mpaka siku moja ikaingia skrini shoti mbili kutoka kwa mteja wa Maskati, moja ni mazungumzo yangu na yeye, ya pili mazungumzo yangu na mdogo wake, kofia ni sawa, maua ni yale yale, yeye 8,000 mdogo wake 5,000. Wako grupu moja la familia, nami ningejuaje? Hakunitukana, aliandika tu, "kwani kichwa changu ni kikubwa hivyo?" Nilimrudishia tofauti na nikakaa siku mbili sijaposti kitu.

Nilipoanza tena niliandika bei juu ya picha yenyewe kwa herufi kubwa, 6,000, moja kwa wote. Komenti zikapungua nusu kwa sababu wengi walikuwa wakiuliza bei tu kwa mazoea. Wakabaki wa "ghali hivyo, ya mashine si 300?" na hao siwajibu kwa maneno, nawawekea video ya mikono. Kila anayeingia inboksi sasa anakuja na inchi zake tayari. Pia nilijaribu kubusti Facebook, yaani kulipia tangazo lionwe na wengi, nililipa kwa ile kadi ya Visa ya kwenye M-Pesa iliyotoka 2022, mara ya kwanza nikachagua Kenya nzima nikapata laiki nyingi kutoka bara na kofia sifuri, ya pili nikachagua Mombasa peke yake, wiki mbili kabla ya Ramadhani, usiku, hapo angalau pesa ilirudi.

Yule mzee wa Mombasa alipiga simu. Hakusema salamu vizuri, ati naharibu soko, bei haziandikwi barabarani. Nikamwambia mzee wangu soko si ulisema lilishakufa? Nilifurahi hilo jibu siku nzima, nikawasimulia kina khalati tukacheka.

Wiki hiyohiyo akaja jirani yetu. Ni mama wa makamo, anashona safi kuliko mamangu (mamangu asisome hapa), na kwa kuwa oda zilikuwa zimenizidi nilikuwa nanunua kofia zake kwa 3,000, tena nikijiona namsaidia maana mzee alikuwa akimpa 2,500. Alisimama mlangoni na simu ya mjukuu wake, hakuingia. "Mwanangu, nimeiona kofia yangu humu. Imeandikwa elfu sita."

Nilishindwa hata kumwambia karibu ukae. Miezi mitatu ya macho yake kwa 3,000, na mimi kwa asubuhi moja ya picha nachukua nyingine kama hiyo. Mzee wa Mombasa alikuwa akija na boti, mimi nilikuwa naishi nyumba ya tatu kutoka kwake, tofauti yetu ilikuwa hiyo.

Nilileta daftari tukakaa na yeye na mamangu, nikawasomea kila kitu, boti, basi, mkebe, data, ile pesa ya kubusti, kofia mbili zilizorudi kwa sababu ya inchi. Tulibishana hadi magharibi. Mwishowe tukakubaliana 4,500 kwa aliyeshona na 1,500 kwangu na gharama ni juu yangu, na mteja akitoa oda alipe nusu kwanza, hiyo nusu iende kwa mshonaji siku hiyohiyo asingoje miezi mitatu mkono mtupu. Faida yangu kwa kofia ikashuka sana, sisemi uongo, iliniuma. Lakini wakaja washonaji wengine wanne wenyewe bila kuitwa, na sasa hata mtu akitaka sita za harusi naweza kumwambia ndiyo.

Mwezi uliopita jirani amekuja na kofia ya maua ambayo sijaiona mfano wake, uzi wa rangi ya kahawia juu ya krimu, imemchukua miezi mitano. Akaniambia, "hii andika elfu tisa." Nikamwambia haitauzwa, watu wamezoea sita. "Wewe andika tu."

Nikaandika. Iko pale wiki ya tatu, watu walaiki, wengine watuma moyo, hakuna aliyenunua, na kila jioni yuamtuma mjukuu aje aulize kama kuna mtu ameleta inchi.