Saa nane ya usiku, umeme ukirudi

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu nchini Kongo, umeme ukirudi usiku, wa kwanza kujua ni Mama. Anagonga ukuta wa chumba changu mara mbili: "Binti, umekuja. Amka." Ni saa nane. Nachomeka simu zote za nyumbani, namwachia Mama nafasi ya pasi, kisha nafungua daftari la mashine za umeme. Kwa kawaida tunakuwa na muda wa saa tatu hivi kabla delestaji, yaani mgao wa umeme, haijatupitia tena. Saa kumi na mbili na nusu natakiwa niwe uwanjani nimeshafunga viatu.

Niko mwaka wa pili, nasoma ufundi wa umeme. Nacheza mpira wa kikapu katika timu ya wasichana ya chuo, namba moja, yule anayepandisha mpira na kuugawa. Na kila Jumamosi asubuhi, siku ya posho kama tunavyosema hapa Bukavu, tuko watu kumi na wawili kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tunazibua mfereji unaoteremka kuelekea mto Kahuwa. Shangazi ameniuliza nitaacha kipi. Mwalimu mmoja ameniuliza. Kochi ameniuliza mara mbili, na mara ya pili hakuwa anauliza. Kila nikijibu kwa mdomo naona sijaeleweka, kwa hiyo leo naandika.

Mwaka wa kwanza sikuwa na habari ya salongo. Baada ya mazoezi tulikuwa tunakunywa maji, kila mmoja na chupa yake. Tuliziandika namba za jezi kwa kalamu ya wino mzito ili tusichanganye. Chupa ikiisha, unaiacha pembeni ya uwanja. Mvua ya Bukavu haiombi ruhusa. Inashuka vilimani na kila kilicholala chini, inakitia mferejini, mfereji unamkabidhi Kahuwa, Kahuwa analikabidhi ziwa. Mimi niliishia kufikiria hapo ziwani, kama ziwa ndilo mwisho wa safari.

Halafu darasa letu likapelekwa kuona bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza. Ni kilomita chache tu kutoka pale ziwa letu la Kivu linapofunguka na mto Ruzizi unaanza safari yake kwenda ziwa Tanganyika. Bwawa lenyewe ni la mwishoni mwa miaka ya 1950. Lina mashine nne, zote kwa pamoja karibu megawati 30, na miji kama wetu inalitegemea. Nilikuwa nimeandaa maswali kuhusu jenereta. Sikuuliza hata moja. Juu ya bwawa maji hayakuonekana. Chupa, mabidoni, kandambili na vizibo vilikuwa vimeshonana hadi ndege walikuwa wanatembea juu yake. Wanaume walikuwa ndani ya mtumbwi wakivuta taka kwa mikono na kwa uma mrefu, wakijaza, wakirudi.

Fundi aliyetupokea alitueleza polepole. Maji yanaingia kwenye mashine kupitia vyuma vya kuchujia. Taka zikiziba vile vyuma, maji yanapungua, nguvu inashuka, na zikipenya zinaweza kuharibu mashine yenyewe. Hapo inabidi isimamishwe isafishwe. Ukisimamisha moja kati ya nne, kuna mitaa itakayolala gizani. Wakati anaongea mimi nilikuwa natazama chupa zile nikitafuta namba yetu. Sikuiona. Lakini ningewezaje kuapa kwamba haimo?

Usiku ule umeme haukurudi kabisa. Mdogo wangu yuko darasa la mwisho la sekondari, anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Alisoma kwa tochi ya simu hadi chaji ikafika asilimia mbili, akaizima, akakaa kimya gizani. Nilimsikia anarudia kanuni za kemia kwa sauti ya chini, asisahau. Jumamosi iliyofuata nilikwenda salongo.

Sitasema kwamba nimeweza kila kitu. Muhula uliopita nilipata 8 kwa 20 katika somo la mashine, somo ninalolipenda kuliko yote, nikarudi kulifanya katika sesheni ya pili. Wiki ile ile nilichelewa mechi kwa sababu mvua ilikuwa imeleta taka nyingi mferejini, na kochi akaniweka benchi robo mbili nzima. Alikuwa na haki. Timu inahitaji namba moja aliyelala vizuri, na miguu yangu siku ile ilikuwa mizito. Tulipoteza kwa pointi tatu. Niliwaomba msamaha wenzangu mmoja mmoja.

Tangu hapo nimepanga upya. Jioni nalala saa mbili mara baada ya bugali, hata kama wageni wapo, na Mama ndiye anayenitetea kwao. Mahesabu nayafanya usiku umeme ukirudi. Masomo ya kusoma tu nayabeba kwenye karatasi, nayasoma nikingojea zamu ya maji bombani. Salongo tumeisogeza ianze saa kumi na mbili kamili, siku za mechi naondoka saa mbili.

Mferejini kuna jambo nililojifunza kwa mikono. Huanzi kutoa taka juu. Ukianza juu, unachokitoa kinajazwa na kinachoteremka. Unaanza chini, kwenye mdomo wa kalvati, unatafuta kile kitu kimoja kilichoshika vyote. Mara nyingi ni gunia au nguo kuukuu. Unaikamata, unaizungusha, unavuta kwa kiuno siyo kwa mgongo, na ghafla maji meusi yanapita na kelele, na watoto wa jirani wanashangilia. Chupa tunazipanga kando, zilizo nzima watoto wanaomba kuwapelekea mama zao wanaouza mafuta. Zilizobaki tunazikanyaga, tunazifunga kwenye magunia.

Uwanjani sasa tuna gunia moja limefungwa kwenye nguzo ya kikapu, ile iliyoinama. Kochi mwenyewe ndiye aliyeleta kamba. Hakusema kitu, aliifunga tu, akapuliza filimbi tuanze.

Kesho ni siku ya posho. Mvua imenyesha toka saa tisa, kwa hiyo mfereji utakuwa umejaa. Magunia nimeyakunja chini ya viatu vya mazoezi. Mtihani wa mashine ni Jumanne, na nina sura mbili sijazigusa. Nalala sasa hivi. Mama atagonga ukuta.