Siku moja maishani mwangu: mimi ndo yule "mtu wa kompyuta"

Saa kumi na moja alfajiri. Hata mswaki sijapiga nshashika simu, naangalia bakapu ya saa nane usiku kama imeisha salama. Imeisha. Nyumbani wanajua nafanya "mambo ya kompyuta", mama mkwe akija ananipa simu yake nimtolee matangazo, lakini kazi yangu hasa ni kutunza databesi ya kampuni moja ya jumla hapa Dar. Ni PostgreSQL, programu ya kutunzia data, kila risiti inayotoka Kariakoo, Mwanza na Mbeya inapita humo. Ikienda vizuri hakuna anayekumbuka kama nipo.

Saa mbili kasoro nipo ofisini, daladala ya Segerea nimesimama mwanzo mwisho. Mpaka saa nne ni yale yale: disiki imebaki kiasi gani, seva ya akiba kama inaenda sambamba na kubwa, kweri (maswali yanayotumwa kwa databesi) zilizochelewa jana, chai.

Halafu saa nne na dakika 12. Logi za seva (kumbukumbu zake za kila tukio) zinaandika kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo zenyewe zinasema 07:12, simu yangu inasema 10:12, mimi kichwani ni saa nne na 12, na ukiwa umepaniki hesabu hiyo nayo ni mzigo. Dada wa kaunta Kariakoo anapiga: "Kaka, mashine imeganda." Sijakata Mwanza wanaingia. Naangalia seva, prosesa iko asilimia 4, memori ipo, disiki ipo, yaani imetulia kama imelala. Nikasema basi huu ni mtandao, nikapoteza dakika 15 nzima nagombana na watu wa intaneti ambao hawakuwa na kosa lolote, na bado naona aibu.

Bosi keshafika nyuma ya kiti changu. Hakai, anasimama tu anapumua. "Si uizime uiwashe?" Bosi, nikiiwasha itakubali, ila sitajua nini kiliikaba na saa saba itaganda tena. "Kuna mteja wa Lubumbashi kaunta, basi lake linaondoka saa sita, mzigo hauna risiti." Sawa bosi. Dada wa kaunta anapiga tena, sasa hata salamu hakuna.

Ndo logi zikaanza kulia koneksheni (nafasi za watu kuingia kwenye databesi) zimejaa. Kikomo chetu ni kile kile PostgreSQL inachokuja nacho, 100, na katika hizo 3 zimewekwa pembeni kwa ajili ya mkubwa wa seva, kwa hiyo watu wa kawaida 97 zao zimekwisha na mimi nikapenyea kwenye zile tatu. Nafungua pg_stat_activity, orodha ya walioingia na wanachofanya, karibu wote wanasubiri kufuli (ruhusa ya kuishika) ya tebo, yaani jedwali, ya mauzo. Hakuna anayefanya kazi, wote wapo foleni! Prosesa itapanda wapi?

Nikafuata foleni mpaka mbele. Wa pili ni dogo wetu wa programu, kaamua kuongeza kolamu kwenye tebo ya mauzo, saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi. Kuongeza kolamu kunataka tebo nzima peke yako, na ukiwa unaisubiri, wote waliokuja nyuma yako wanakusubiri wewe, hata anayetaka kusoma tu. Na dogo alikuwa anamsubiri nani? Mhasibu. Kafungua mauzo ya mwezi kwenye DBeaver, programu ya kuchungulia databesi, otokomiti (ile inayofunga kila kazi yenyewe) kaizima, kasoma, kaacha transaksheni (kazi aliyoianza) wazi, kaenda kunywa chai na chapati. Skrini inaniandikia "idle in transaction", yaani kafungua kazi halafu hafanyi kitu. Kusoma tu jamani, hajabadilisha hata senti, lakini kile kikufuli kidogo cha kusoma kinatosha kumzuia dogo, na dogo kazuia nchi nzima.

Nikaikata ya dogo, foleni ikayeyuka kabla sijatoa kidole kwenye kibodi. Nikamtoa na mhasibu. Saa nne na 51. Kaunta wanashangilia, bosi anasema "kumbe kitu kidogo hivyo" halafu anaondoka. Ruhusa ya mhasibu kuingia kule nani alimpa? Mimi, mwezi uliopita, alinibembeleza nikachoka.

Mchana sikumbuki vizuri. Nilikula wali maharage umeshapoa, nikaandika ripoti, dogo akaja kuomba msamaha na soda, nikainywa. Nikaweka sheria kwenye seva kwamba ukiacha transaksheni wazi bila kufanya kitu dakika 5, inakutupa nje. Hiyo kitu ipo tangu toleo la 9.6, ila inakuja imezimwa, nami nilikuwa sijawahi kuiwasha.

Maduka yalipofunga nikarudia ile kazi ya dogo mwenyewe, nikaiambia ikikosa kufuli ndani ya sekunde 3 iache. Ikachukua chini ya sekunde moja. Dakika 39 za kelele, kwa kazi ya kupepesa jicho.

Nimefika Segerea usiku, miguu imevimba, nimeweka maji ya moto, meseji inaingia. Mhasibu, anafunga mwezi: "Kaka habari za jioni, mbona hii DBeaver inanitupa nje kila nikienda kuchukua maji?"

Nimeisoma. Sijamjibu bado.