Ami, tungule na kimeng'enya cha damu

Msimu uliopita ami yangu, anayelima tungule karibu na Wete, alianza kusahau mambo madogo: siku moja alimimina chai katika kikombe kilichokwisha kujaa, kisha akawakaripia wajukuu, jambo lisilokuwa tabia yake. Nyumbani tulisema ni utu uzima. Mimi nililitazama bomba lake la mgongoni, lililovuja dawa ya wadudu hadi shati likaganda, nikashuku jambo jengine.

Dawa za wadudu za kundi la organofosfati huzuia asetilikolinesterasi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini) chenye kazi ya kuvunja asetilikolini, kemikali inayopeleka taarifa baina ya seli za neva na inayohusika pia na kumbukumbu na umakini. Kimeng'enya hicho kimo vilevile katika seli nyekundu za damu, ndiyo maana damu ya mkononi huweza kudokeza yanayotokea kwingine mwilini. Kikizuiwa sana, mtu hutokwa na mate na jasho, mboni za macho huwa ndogo, na huweza kupatwa na wasiwasi au kuchanganyikiwa. Ajabu ni kwamba donepezili, dawa wanayopewa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu, huzuia kimeng'enya hichohicho, ila kwa kiasi kilichopimwa.

Kipimo kimoja cha kimeng'enya hicho katika damu hakitoshi, kwa kuwa watu hutofautiana kimaumbile; hulinganishwa na kilichochukuliwa kabla ya msimu wa kupiga dawa. Ami hakuwa nacho, hivyo utu uzima bado ni mshukiwa. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, na kimeng'enya hurejea polepole zinapozaliwa mpya. Bomba amelibadilisha, glavu anazivaa, huku akinilaumu kwa joto la glavu hizo.