Benchi la Nje ya Kliniki

Binti yetu alipotimiza majuma 6 tulimpeleka kuchanjwa, nami nikaketi kwenye benchi la nje ya kliniki, hapa Nakuru, nikiwa nimepakata mkoba wa nepi. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia muuguzi akimuuliza mke wangu kama anapata usingizi, kama anakula, na kama kuna siku hulia bila kujua sababu. Kila swali aliloulizwa yeye, jibu nilikuwa nalo mimi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba majuma 2 ya likizo yenye malipo kamili, na yangu yalikwisha wakati hofu ilipokuwa inaanza. Usiku niliamka mara sita au saba kuweka kiganja mbele ya pua ya mtoto ili nihakikishe kwamba anapumua. Mchana niliwakaripia makondakta kwa sababu ya shilingi kumi, na jioni nilibaki ofisini bila kazi yoyote kwa kuwa niliogopa kurudi nyumbani. Sikudhani kwamba hiyo ni sonona, maana niliyemjua kuwa mgonjwa wa sonona ni mtu anayelala kitandani akilia, si mtu mwenye hasira. Ami yangu aliniambia nijikaze, kwani sasa nilikuwa mwenye nyumba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzaa, na bado nilificha.

Mshauri niliyemwendea hatimaye alinipa dodoso la Edinburgh la kupima dalili za sonona baada ya uzazi, ambalo lilitungwa kwa ajili ya akina mama na kuchapishwa mwaka 1987. Lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Alinieleza kwamba hutumiwa kwa akina baba pia, ingawa kwao kiwango cha kutia shaka huwekwa chini kidogo. Nilipata 16 kati ya 30, juu ya kiwango hicho. Swali la mwisho huuliza kuhusu kujidhuru, na kwa kuwa sikujibu "kamwe", aliweka karatasi kando akanihoji juu ya hilo peke yake kwa muda mrefu kabla ya kugusa jambo jingine.

Nilitarajia mawaidha. Badala yake nilipewa daftari la safu tatu: kilichotokea, nilichowaza, na ushahidi niliokuwa nao. "Mtoto amenyamaza; amekufa" ni sentensi inayoaibisha sana ikisomwa mchana. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kupunguza ukaguzi wa usiku, kutoka mara saba hadi nne, kisha mbili, nikibaki kitandani na hofu yangu mpaka ishuke yenyewe. Usiku wa kwanza ilichukua karibu nusu saa, nami nilitokwa jasho kama aliyepanda Menengai. Katika kikao cha tatu mke wangu alikuja, akasema alidhani simpendi mtoto. Tuligawana usiku: mimi hadi saa nane, kwa maziwa aliyokamua, naye hadi alfajiri. Wapo wanaohitaji dawa za daktari pia, mimi sikuhitaji.

Mtoto alipofikisha miezi 9, siku ya chanjo ya surua, niliingia ndani nikiwa nimembeba mwenyewe.

"Mama, unalala vizuri?" muuguzi aliuliza.

"Mimi nalala," mke wangu akajibu. "Muulize na huyu."