Nyuzi kumi tu

Jana usiku nilipandisha joto kwenye modeli yangu ya kompyuta ya seli ya fueli (kifaa kinachozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni), kutoka nyuzi 80 za Selsiasi hadi 90, nikitegemea volti zipande. Zikashuka, tena vibaya, hasa kwenye mkondo mkubwa wa umeme. Nikapitia milinganyo yote, mmoja mmoja, nikitafuta alama iliyokosewa. Haikuwapo.

Nilikuwa na sababu ya kutegemea. Joto huharakisha mmenyuko juu ya platini, yaani kichocheo cha seli, na huzirahisishia protoni za haidrojeni kupenya kwenye utando unaotenganisha pande zake mbili. Ni kweli volti ya kinadharia hupungua, lakini kidogo tu: 1.23 kwenye nyuzi 25, kama 1.18 kwenye 80. Sasa hasara ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye mvuke. Hewa ninayoiingiza kathodi, upande wa oksijeni, nimeiloweza kabisa, unyevu asilimia 100, maana utando mkavu haupitishi protoni. Kwenye nyuzi 80 mvuke ulioshiba una shinikizo la kilopaskali 47. Kwenye 90 unafika 70. Na shinikizo lote nililonalo ni la angahewa, 101. Kinachobaki ndicho hewa, na oksijeni ni asilimia 21 tu ya hicho kinachobaki. Nikakokotoa kwa kalamu pembeni ya daftari: kilopaskali 11 za oksijeni zimekuwa 6.5. Seli ilikuwa inakosa pumzi, na modeli ilikuwa ikiniambia ukweli muda wote.

Kilichoniuma ni kwamba kwa wiki mbili nimekuwa nikiandika “joto limebadilika, mengine yamebaki vilevile.” Hayakubaki. Asilimia 100 ya nyuzi 80 si asilimia 100 ya nyuzi 90.

Nikajaribu kupunguza unyevu hadi nusu ili oksijeni ipate nafasi. Hapo utando ukalalamika. Kwa mlinganyo wa watafiti Springer na wenzake wa 1991, molekuli za maji kwa kila kundi la asidi ndani ya utando hushuka kutoka 14 hadi 3.5 hivi, na uwezo wa kupitisha protoni hupungua zaidi ya mara nne. (Maji yanayozaliwa kathodi hurudisha kiasi fulani, lakini yakizidi huziba vinyweleo ambamo oksijeni inapita. Sehemu hiyo bado sijaiandika nikaridhika nayo.)

Kupandisha shinikizo hadi kilopaskali 200 kuliponya grafu ya volti: oksijeni ikafika 27 kwenye nyuzi zilezile 90. Ila kompresa, mashine inayoishindilia hewa, nayo inakula umeme, na modeli yangu haikuwa ikiuhesabu hata kidogo.

Leo asubuhi nimefuta grafu zote za wiki mbili. Nimeanza na safu mpya katika jedwali, kabla ya volti, kabla ya mkondo: shinikizo la oksijeni baada ya kutoa mvuke. Ya pili yake ni umeme wa kompresa.